Kikombe cha Mlingoti na Taa ya Tano

Nyinyi mlioanza kazi ya mitambo juzi, mnaobonyeza kitufe kabla ya kutazama, kaeni kitako mnisikilize. Mimi sikusoma skuli. Nilisoma chuoni, Mji wa Kale, kwa mwalimu mwenye bakora, nikatoka na Qurani na herufi zake, na herufi hizo ndizo nilizoandikia Kiswahili maisha yangu yote. Hizi za kizungu nilizijua kidogo kidogo, kama unavyomjua jirani wa mtaa wa pili. Lakini nimefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya mtambo wa redio, na taa za hitilafu za mtambo ule nazijua kuliko majina ya wajukuu zangu, ambao ni wengi na hunichanganya makusudi.

Nyumba yenyewe ilikuwa upande wa baharini, ukishapita Mama Ngina, mahali ambapo ukisimama mlangoni waziona meli zikiingia Kilindini. Redio yetu ilikuwa ya AM, ile ya zamani inayokwaruza mvua ikiwa na radi. Watangazaji walikuwa studio, mjini. Sauti zao zilikuja kwetu kwa waya, mtambo ukazipa nguvu, nguvu ikapanda mlingoti, na mtu wa Kwale, wa Malindi, wa Taita akasikia. Mtambo ulikuwa makabati matatu ya chuma yaliyounganishwa, marefu kuliko mtu, yakinguruma kutwa.

Nilianza pale mwanzo wa miaka ya tisini, mume wangu ameshafariki, watoto wanne ndani. Kazi yangu kufagia na kupangusa. Nilikuwa kibarua, sina barua wala cheo. Ukikosea leo, kesho huitwi.

Mwenye mtambo alikuwa Fundi Mghanga. Mtaita, mtu wa kanisa, mrefu, mwembamba, kalamu mbili mfukoni na kitambaa cha jasho begani. Kila asubuhi tulisalimiana vile vile.

"Sabalkheri, Fundi."

"Sabalkheri, Bi Rukia. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Na huyu je?"

"Huyu amelala vizuri," hujibu, akiugonga mtambo kwa vidole viwili kama mtu anayempapasa ng'ombe.

Juu ya kabati la kati palikuwa na taa tano nyekundu, kila moja na jina lake la kizungu. Mimi nilizipa nambari. Ya kwanza ni mlango: kuna mlango wa kabati haukufungwa sawasawa, na mtambo hauwaki mlango ukiwa wazi, usije ukamuua mtu. Ya pili ni upepo: feni haipulizi vya kutosha. Ya tatu ni joto. Ya nne ni mzigo: mtambo unakunywa umeme kupita kiasi. Ya tano ni mrudio: nguvu imetumwa mlingotini, mlingoti umeikataa, yarudi ilikotoka. Hitilafu ikitokea, kengele hulia, taa huwaka, mtambo hujizima wenyewe. Husubiri kidogo ukajaribu tena. Ukishindwa mara ya tatu hunyamaza, ukangoja mtu.

Sasa sikilizeni. Taa zaweza kuwaka tatu kwa mpigo. Asiyejua hukimbilia ile inayomchoma macho. Fundi alikuwa akisema, "Tafuta iliyotangulia. Hiyo ndiyo mama, hizo nyingine zimemfuata tu." Na ukibonyeza kitufe cha kunyamazisha kengele kabla hujaona ipi ilitangulia, zote huzimika, na ushahidi umeufuta kwa kidole chako mwenyewe. Niliona watu wazima wenye vyeti wakifanya hivyo, kisha wakakaa siku nzima wakifungua skrubu wasijue wanatafuta nini.

"Soma, andika, ndipo ubonyeze," Fundi alikuwa akisema. Alinirudia maneno hayo mpaka nikaanza kuyasikia kwenye maji ya kuoshea vyombo.

Msidhani nilizaliwa nayajua. Mwezi wangu wa kwanza nilifua leso yangu pale pale kituoni, maana ilimwagikiwa chai, nikatafuta penye upepo mzuri niianike. Nyuma ya jengo palikuwa na dirisha la wavu lenye upepo usiokatika. Nikaitundika, nikaenda kufagia uwanja. Kumbe upepo wa dirisha lile hautoki nje, unaingia ndani. Ndiko feni inakovutia hewa. Leso ikanyonywa ikagandama wavuni. Mara nasikia kengele. Nikaingia mbio, namwona Fundi amesimama mbele ya taa, hajagusa kitu, anaandika.

"Ya pili imetangulia," alisema. "Halafu ya tatu. Basi joto ni la kufuata, ugonjwa ni upepo." Akatoka nje, akazunguka nyuma. Akarudi ameishika leso kwa ncha mbili, ameitandaza mbele yake, maandishi yakisomeka.

"Bi Rukia," alisema, uso mkavu, "mtambo umevaa leso yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akaikunja vizuri, akanipa, akanichukua mkono kwa mkono akanionesha hewa inapoingia, inapopita, inapotoka. Kibarua wa kufagia, jamani. Nani alikuwa na haja ya kunieleza mimi? Lakini Fundi hakujua kumnyima mtu elimu. Ukisimama karibu naye, utafundishwa, utake usitake.

Alikuwa na pua, yule bwana. Siku moja, karibu na saa sita za mchana, aliinua kichwa mezani.

"Bi Rukia, leo umeleta papa?"

"Papa wa nini? Nimeleta mkate wa mofa na chai."

"Nasikia harufu ya samaki."

"Labda ni ya baharini."

"Ya baharini naijua." Akasimama, akapiga simu studio kuomba dakika chache, akazima mtambo. Hakuna taa iliyowaka, hakuna kengele iliyolia, mambo yote shwari. Mimi nikasema moyoni, mzee leo njaa yamsumbua. Akafungua kabati la tatu, akachomeka pua, akaonesha kwa kalamu. Kiungo kimoja cha waya, plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia, inatoa uvundo wa samaki aliyelala. Kingekaa siku moja zaidi kingeshika moto. Tangu hapo, mtambo ukinuka samaki na hakuna aliyeleta samaki, mimi sikai chini. Na nyinyi msikae.

Kitu kingine alichonifundisha ni fimbo. Kwenye mlingoti ulikuwa ua wa nyaya, na ndani ya ua mlingoti wote umesimama juu ya kikombe kimoja cha kaure, kinene, cheupe, kimegeuzwa chini juu, ukingo wake umetoka nje kama ukingo wa sahani. Kikombe ndicho kinachotenga umeme wa mlingoti na ardhi. Mtambo ukiwaka huendi pale, hata kama umesahau mtoto. Ukizimwa pia huendi bure bure: unatanguliza fimbo ndefu yenye ndoana ya shaba na waya uliokwenda ardhini, unagusa mlingoti, umeme uliobaki unaishia chini, ndipo unatia mkono. Kila Ijumaa mchana matangazo yalikatizwa kwa saa moja ili mtambo uhudumiwe. Fundi alizima, akagusa kwa fimbo, akaniita nikapanguse kikombe, maana chumvi ya bahari hukifanya cheupe mara mbili.

Na daftari. Fundi alikuwa akitoka mara nyingi kwenda studio, akaniambia, "Kengele ikilia sipo, andika taa iliyotangulia, na saa, na hali ya hewa. Andika pia ulichofanya siku hiyo, hata kama ni kufagia."

"Sijui kuandika kizungu."

"Andika unavyojua."

Nikanunua daftari Makadara, nikaliandika kwa herufi zangu za chuoni, kutoka kulia. Fundi akalitazama, akacheka, akasema hajui hata neno moja ila mwandiko ni mzuri.

Hapo ndipo nakuja kwenye aibu yangu.

Kwetu Mji wa Kale tulikuwa na mlango wa nakshi, wa babu yangu. Bibi yangu aliupaka mafuta ya nazi kila mwaka karibu na Idi, kwa kitambaa laini, mpaka ukang'aa ukajiona uso. Ndivyo nilivyolelewa: kitu cha heshima hupakwa mafuta. Basi Ijumaa moja, miezi ya upepo wa kusi, nimeshapangusa kile kikombe, nikakitazama nikaona kimefubaa. Nikasema, kitu kinachobeba mlingoti wote ule nacho kionekane. Nikatoa kichupa changu cha mafuta ya nazi mkobani, nikakipaka chote, juu na chini ya ukingo. Kikang'aa. Jioni nikaandika daftarini: *nimepangusa kikombe, nimekipaka mafuta ya nazi*. Niliona fahari kabisa.

Fundi naye Ijumaa iliyofuata alikiona, akasema, "Bi Rukia, kikombe hiki kinang'aa kama cha harusi." Alidhani ni kupangusa. Nikatabasamu.

Wiki ya tatu yake ikaanza balaa. Asubuhi, manyunyu mepesi, yale yasiyolowesha nguo. Kengele. Taa ya tano, peke yake. Mtambo ukajizima, ukajaribu, ukajizima, mara ya tatu ukanyamaza. Fundi akatazama, akaandika, akabonyeza, ukakataa. Jua likatoka, saa tatu hivi, akabonyeza tena, ukawaka ukafanya kazi kutwa kama si ule uliokataa. Kesho yake hakuna manyunyu, hakuna kengele. Siku ya tatu manyunyu, kengele. Ikanyesha mvua kubwa ya kumwagika, hakuna kitu. Manyunyu tena, taa ya tano.

Fundi alifungua kila kitu. Alipima waya uendao mlingotini. Alifungua kibanda cha mlingoti akakagua viungo kimoja kimoja. Lakini ruhusa ya kuzima kwa kazi hiyo alipewa mchana tu, na mchana kila kitu kikavu, vipimo vizuri. Alikonda. Alikula kidogo, akawa anaongea na mtambo kwa Kitaita.

Mimi sikuunganisha chochote. Naapa. Kwangu mafuta yalikuwa mapambo.

Na asubuhi ndio wakati wa matangazo ya vifo. Nyinyi mna simu mfukoni, hamjui. Zamani zile mtu akifa, jamaa walikwenda studio na karatasi, jina likasomwa, mazishi ni wapi na saa ngapi, na ndugu wa mbali akapanda gari. Kwetu Waislamu maiti hazikwi kesho. Jirani yangu, Bi Aziza, alifiwa na mamake. Tangazo likasomwa asubuhi, mazishi baada ya adhuhuri. Kakake alikuwa shambani, huko nyuma ya Malindi, na redio yake mkononi kama kawaida. Manyunyu yakashuka. Mtambo ukanyamaza katikati ya majina, la mamake halikufika. Yule kaka alifika siku ya pili, mamake ameshazikwa.

Bi Aziza alinikuta kisimani, mbele ya watu.

"Weye wafanya kazi kwenye redio hiyo au wacheza? Kakangu hakumsindikiza mamake! Hata konzi ya mchanga hakutia kaburini!"

Nilibeba ndoo yangu nikaondoka. Nilikuwa na hasira naye njia nzima, maana nilijua sisi pale tunahangaika. Sikujua anasema kweli kuliko alivyokusudia.

Wakubwa wakamtuma injinia kutoka bara. Bwana Wafula, kijana, shati jeupe limepigwa pasi, adabu tele. Alinisalimu kwa mikono miwili, akanipa shikamoo kabla sijamwuliza jina. Nasema hivyo msije mkamdhania mbaya. Lakini alikuja na barua mkobani, na Fundi alijua iko. Barua ilisema mlingoti mzima, waya mzima, mtambo mzima, basi mbovu ni anayeutunza. Fundi astaafishwe mapema kwa uzembe, na neno hilo, uzembe, liandikwe kwenye faili lake. Baada ya miaka yote ile. Kilichobaki ni sahihi ya injinia.

Alikaa siku mbili akikagua. Hakupata kitu, maana jua lilikuwa kali. Siku ya tatu mchana tuliketi chumbani watatu: yeye, Fundi, na mimi niliyeleta chai.

"Mzee wangu," injinia alisema, taratibu, "nisaidie. Nipe kitu. Fomu zako za ofisi zinaonyesha taa ya tano na saa. Basi. Siwezi kuandika kwamba sababu ni mapepo."

"Mimi huwa studio asubuhi nyingine," Fundi alisema. "Siku hizo anaandika Bi Rukia."

"Anaandika?" Injinia akanigeukia. "Samahani mama, sikujua. Naweza kuona?"

Nikaleta daftari. Akalifungua, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena. "Hii ni Kiarabu?"

"Ni Kiswahili," nikasema. "Herufi ndizo za Kiarabu."

"Basi tusomee, mama. Kuanzia mwezi kabla ya hitilafu. Kila kitu."

Nikavaa miwani. Nikaanza. *Jumatatu, jua, nimefagia. Jumanne, jua, nimeosha madirisha.* Fundi alikuwa akitazama mikono yake. Nikafika Ijumaa ile. Jicho likatangulia mdomo, kama kawaida ya msomaji, nikaliona neno la mafuta. Na hapo hapo, sijui vipi, nikaona mlango wa babu yangu wakati wa kusi: unavyonata ukiugusa, vumbi linavyoganda kwenye nakshi, bibi yangu akilalamika kwamba mafuta huvuta uchafu. Manyunyu. Chumvi. Vumbi. Kikombe.

Kidole kikasimama kwenye mstari.

"Endelea, mama," alisema injinia.

Wanangu, chumba kile hakikuwa na mtu mwingine awezaye kusoma herufi zile. Ningeruka mstari mmoja. Ningesema *nimepangusa kikombe* na kugeuza ukurasa, na hakuna mahakama ambayo ingenishika. Nilikuwa na watoto wanne na kazi isiyo na barua. Nikamtazama Fundi. Alidhani nimechoka, akanisogezea kikombe chake cha chai, chake mwenyewe, hajakigusa.

Nikasoma. "*Ijumaa, jua, upepo wa kusi. Nimepangusa kikombe cha mlingoti. Nimekipaka mafuta ya nazi.*"

Nikaongeza, "Juu, na chini ya ukingo. Ni mimi. Fundi hakujua."

Nilingoja kufukuzwa. Fundi alisimama. Macho yalimng'aa kama ya mtu aliyeonyeshwa njia.

"Soma siku za manyunyu," alisema. "Zote. Na siku za mvua kubwa."

Nikazisoma. Manyunyu, taa ya tano. Manyunyu, taa ya tano. Mvua kubwa, hakuna. Akawa anahesabu kwa vidole, hana habari na mimi wala na barua.

"Mafuta yameshika chumvi na vumbi," alimwambia injinia. "Yakiwa makavu hayapitishi kitu. Manyunyu yakiyalowesha kidogo, umeme unapata njia ya kuteremka. Mvua kubwa inaosha ya juu. Jua linakausha. Ndiyo maana mchana hatuoni!"

"Ni dhana nzuri, mzee," injinia alisema. "Tuithibitishe."

Studio wakatupa nusu saa. Mtambo ukazimwa, fimbo ikagusa. Injinia, na shati lile jeupe, akalala chali juu ya kokoto, akaingiza kichwa chini ya ukingo wa kikombe, na tochi.

"Mzee," akaita. "Kuna mstari hapa. Mweusi, mwembamba, kama wanja wa macho. Upande wa bahari. Ndipo umeme ulipochoma."

Fundi hakuweza kulala pale, magoti yalikataa. Alimwamini. Mimi nikaleta chupa ya kunyunyizia maji nguo za pasi, nikakinyunyizia kikombe kama umande. Tukatoka, ua ukafungwa, mtambo ukawashwa kwa nguvu ndogo. Tukasikia kule mlingotini: tss, tss, tss, kama tone la maji juu ya kikaango. Kengele ikalia. Hakuna aliyekimbia. Tulisimama watatu mbele ya kabati.

"Ipi imetangulia, Bi Rukia?" Fundi aliniuliza.

"Ya tano."

"Andika."

Nikaandika. Ndipo akabonyeza. Ukazimwa tena, fimbo, nikakiosha kikombe kwa sabuni na maji ya bomba mpaka kikalia chini ya kitambaa, nikakimalizia kwa spiriti, chini ya ukingo mara tatu. Tukakinyunyizia tena kama mwanzo. Tukawasha. Kimya. Tukaongeza nguvu mpaka mwisho. Kimya. Injinia akakaa chini sakafuni, mgongo wote mchanga, akacheka kama mtoto.

Halafu akakumbuka kazi. "Mama amekosea," alisema, "na lazima niandike aliyekosea."

"Andika mimi," alisema Fundi. "Nilimpa kazi ya kukisafisha, sikumwambia kikombe ni cha nini. Nilimfundisha feni, nikamfundisha fimbo, hicho nikakisahau. Tena nilikiona kinang'aa nikamsifu. Kama ni kosa, lina majina mawili, na langu liwe la kwanza."

"Mzee, na barua je?"

"Barua ni yako. Mimi nakuambia yaliyotokea."

Injinia alinigeukia. "Mama, ungeweza kuruka ule mstari."

"Nilitaka kuuruka," nikamwambia. Sikuona haja ya kujipamba.

Aliandika taarifa yake usiku huo hotelini kwake, na kesho yake akatusomea kabla ya kupanda treni. Ilitaja mafuta, chumvi, manyunyu, na kwamba sababu ilipatikana katika kumbukumbu za mhudumu wa kituo. Mhudumu wa kituo! Sikuwa na cheo hicho, ila baada ya taarifa ile ikabidi nipewe, maana karatasi ilishasema ninacho. Neno uzembe halikuwemo. Fundi alikaa mpaka siku yake ya halali.

Kwa Bi Aziza nilikwenda mwenyewe, nikamwambia ni mkono wangu. Hakunisamehe siku ile, na sikumdai anisamehe. Mwaka wa pili alinitumia sahani ya visheti siku ya Idi. Sikuuliza maana yake, nilikula.

Hayo nimewaambia ili mumjue mtu aliyenifundisha kazi. Wengi wanasifiwa kwa kujua. Yeye nilimwona siku mbaya kuliko zote, jina lake liko mezani linangoja kuchafuliwa, na alichouliza ni siku za mvua kubwa. Hitilafu ilikuwa mbele yake, akaishughulikia hitilafu. Nimefanya kazi na mainjinia wengi baada yake, na nikimwona mmoja mwenye tabia hiyo humwandalia chai mimi mwenyewe, na mimi si mtu wa kuandalia watu chai ovyo.

Yapata wiki baada ya injinia kuondoka, nilifika asubuhi, manyunyu yanashuka, yale yale. Nikamkuta Fundi ameketi mbele ya makabati, hajavua koti. Nikavuta kigoda. Saa moja na nusu ikaanza kusomwa orodha ya vifo kwenye redio ndogo ya mezani. Jina, ubini, mtaa, saa ya mazishi. Jina lingine. Tulikaa tumezikodolea macho taa zile tano. Nje kikombe kilikuwa kinalowa. Orodha ilikuwa ndefu siku hiyo, Mungu awarehemu. Ikasomwa mpaka mwisho, majina yote, hakuna lililokatika.

Fundi akashusha pumzi. "Andika, Bi Rukia."

"Niandike nini? Hakuna kitu."

"Hicho hicho."

Nikafungua daftari, nikaandika: *manyunyu, taa hakuna*. Akaniomba nimpe. Wiki ile alikuwa ameanza kunisumbua nimfundishe herufi zangu, mzee mzima, mtu wa kanisa, akizichora kwenye migongo ya bahasha. Akaweka kidole upande wa kulia, akakisukuma pole pole kuelekea kushoto, midomo ikicheza.

"Taa," alisoma. Akasita. Sikumsaidia.

"Hakuna."